Msichana Aliyeachwa Mdomoni mwa Zimwi

Nianze na kosa langu, maana nikilichelewesha hadi mwisho nitalipamba. Watoto wa darasa langu walikuwa wanyamavu kuliko wote katika ile chekechea ndogo ya Nchiru, na mimi ndiye niliyewafundisha kunyamaza. Nilikuwa nikisema "Kidole", na watoto ishirini na sita wanaweka kidole mdomoni na kunikodolea macho. Mwalimu mkuu akipita dirishani anatabasamu, anakwenda zake. Tabasamu moja la namna hiyo lilinitosha wiki nzima.

Sikuwa mwalimu wa kusomea. Nilimaliza kidato cha nne na alama ambazo sizitaji, nikaja Nchiru kuishi na binamu yangu aliyekuwa akisomea ualimu chuo kikuu. Alipomaliza mtihani wa somo fulani, makaratasi yake yalikuwa yangu. Hivyo ndivyo nilivyojifunza ualimu, kama kuku anavyookota punje, leo moja kesho mbili. Kuchora nilijifundisha kwa kunakili picha za kalenda za zamani na ng'ombe aliyechapwa kwenye mfuko wa chakula cha mifugo. Kwa kuwa sikuwa na cheti, nilitaka kila kitu changu kisiwe na doa. Chati ya herufi niliirudia mara nne kwa sababu ya tumbo la herufi moja lililokuwa kubwa kuliko la mwenzake. Nililala nikiwa na rangi kwenye kucha, nikaamka nimechoka, nikaenda kusema "Kidole".

Darasani tulikuwa na vitabu vitatu vya picha, vililetwa na wageni wa kanisa. Vilikuwa vizuri, karatasi nene, rangi haitoki. Lakini katika vyote vitatu nje kulikuwa na theluji. Siku ya kwanza nilipofungua kimoja, msichana mmoja mdogo aliuliza ni nani amemwaga unga wote huo. Nikaeleza kwamba si unga, ni baridi iliyoganda, kama ule weupe tunaouona kwenye mlima asubuhi mawingu yakifunguka. Wakaenda dirishani wakautazama mlima, wakarudi wakakitazama kitabu, wakakubaliana kwamba ni unga.

Nikaona bora niwatengenezee kitabu chao. Nilikuwa na hadithi moja ya nyanya yangu, ya msichana aliyetumwa kuomba moto. Kabla sijachora hata mstari, nilikimbilia kwa mwalimu mkuu nikamwambia kitakuwa tayari siku ya kufunga shule, nikisome mbele ya wazazi. Nina tabia hiyo ya kuahidi kwanza na kuogopa baadaye.

Shida ni kwamba hadithi yenyewe niliijua nusu. Kwa nyanya, msimulizi hasemi peke yake. Akimaliza sentensi, anangoja, na wanaosikiliza wanaitikia "ii". Ndipo anaendelea. "Ii" ikikosekana, maana yake watu wamelala, au hawaitaki hadithi, na kwa vyovyote vile ananyamaza. Nililelewa naye mimi pekee kwa miaka sita, na sikuwahi kufika mwisho. Usingizi ulinichukua pale msichana anapoingia pangoni, na hadithi ikafia hapo. Nikimwomba asubuhi animalizie, alikataa. Hadithi haisimuliwi mchana, mbuzi watapotea.

Nilimpigia simu, nikamwomba ateremke kutoka kule juu kwenye majani chai aje awasimulie watoto wa shule, nami niandike. Nilimkumbusha mwenyewe habari ya mbuzi, nikitarajia anikatalie.

"Mbuzi nilishauza," akasema. "Wapotee wa nani?"

Alikuja siku ya Alhamisi, amevaa sweta ya kanisani na kitambaa kipya kichwani, kiondo cha ndizi mkononi. Nilimweka kwenye kiti changu. Watoto walikaa mkekani, na kwa kuwa mgeni ameingia, nilisema "Kidole". Nikakaa pembeni, daftari mapajani.

Akaanza, kwa Kimeru, kwa sauti ile ile ninayoijua. Paliondokea msichana na mama yake, na moto wao ulizimwa na mvua. Akangoja.

Darasa kimya.

Mama akampa msichana kigae cha chungu, akamwambia aende ng'ambo ya mto akaombe kaa la moto. Akangoja tena. Akanitazama. "Hawa wananisikia?"

"Wanakusikia sana, shosho. Wametulia tu."

Hapa ndipo pagumu kwangu kuandika. Ningependa kusema sikugundua, kwamba nilikuwa nimeinamia daftari. Niligundua. Ilipofika sentensi ya tatu nilijua kabisa anangoja nini, na nilijua kwamba neno moja langu lingewaondolea watoto vidole midomoni. Lakini mwalimu mkuu alikuwa amesimama dirishani, na alikuwa akitabasamu. Nikafikiria kelele zitakazolipuka, watoto ishirini na sita wakipiga "ii", na tabasamu lile likizimika. Nikaendelea kuandika.

Nyanya alisimulia kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Msichana akapewa kaa, akaanza safari ya kurudi, mvua ikamnyeshea. Akamwomba nungunungu hifadhi, nungunungu akasema nyumba yake ni nyembamba. Akamwomba chura, chura akasema hajui mtu anayekimbia mvua. Mwishowe akaona pango kando ya njia, lina mawe meupe mlangoni, ya juu na ya chini. Akaingia, akaketi, akalikinga kaa lake kwa viganja. Lakini lile halikuwa pango. Lilikuwa zimwi limelala na kuachama.

Akangoja. Aliwatazama watoto mmoja mmoja, safu ya kwanza hadi ya mwisho, wote macho wazi, vidole midomoni. Kisha akasimama, akachukua kiondo chake.

"Watoto wako wamelala na macho wazi," akaniambia. Ndizi aliziacha kwenye kiti. Nilimfuata hadi barabarani nikisema shosho, shosho, ngoja, na yeye akapanda pikipiki bila kunigeukia. Nilirudi darasani. Vidole vilikuwa bado midomoni. Niliposema "Shusheni", swali lilikuwa moja tu, kutoka kwa yule msichana wa unga.

"Ticha, alitoka?"

Nikamwambia tutajua kesho.

Mtoto huyu alikuwa na miaka mitano. Mama yake aliuza mayai na soseji za smoki karibu na geti la chuo, na walikaa kwenye ploti moja ya vyumba vya kupanga nyuma ya hosteli. Hakuwa mtoto mwoga. Ndiye aliyewahi kumfukuza kuku wa jirani hadi ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu. Lakini Ijumaa aliniuliza tena kama yule msichana alitoka, kabla hata hajaweka mfuko wake chini, na nilipomwambia bado, alikaa chini akaacha uji wake ukapoa.

Jumatatu asubuhi mama yake alinikuta mlangoni, aproni ya kazi kiunoni.

"Ticha, mimi nilikuletea mtoto anaenda choo mwenyewe," akasema. "Sivyo?"

Nikasema ndivyo.

Akanieleza, bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. Mlango wa choo cha ploti yao umeoza chini, mbao zimebaki vipande vipande. Mtoto anasimama mbele yake anasema hayo ni meno. Haingii. Ukimbeba umwingize, anang'ang'ania fremu kwa mikono na miguu. Amekwisha kujichafua mara mbili, na jana amejisaidia nyuma ya tangi la maji, na keyateka, msimamizi wa ploti, amelalamika mbele ya wapangaji wote. Wamempa mtoto jina. Hakunitajia ni jina gani.

"Hiyo hadithi yako," akasema, "uimalize, au uirudishe ulikoitoa."

Niliahidi. Nimeshasema kuhusu mimi na ahadi. Kuanzia siku hiyo sikufikiria tena siku ya wazazi wala kitabu. Nilichotaka ni mtoto yule aingie chooni.

Njia fupi ilikuwa kutunga mwisho wangu, na nilijaribu. Usiku ule nilichora morani watatu wenye mikuki, nikawachora vizuri, hata misuli ya miguu. Jumanne nikawaambia watoto kwamba morani walikuja wakalipasua zimwi tumbo, msichana akatoka. Wengine waliridhika. Yule mtoto alifikiri.

"Na walipokuwa wanapasua, hawakumkata?"

"Hawakumkata."

"Walijuaje yuko wapi?"

Jumatano nikaja na mwisho mwingine, zimwi limekufa kwa ugonjwa. Nililichora limelala, ulimi nje.

"Likikufa," akauliza, "mdomo si unafunga?"

Nilizichana picha zote mbili nyuma ya jiko la shule ili mpishi asiulize. Mtoto alikuwa na haki ya kuuliza. Alikuwa akikagua miisho yangu kama mtu anayekagua daraja kabla ya kulivuka, kwa sababu ni yeye atakayelivuka. Wakati ule sikuona hivyo. Niliona tu kwamba nimeshindwa mara mbili na macho yananiwasha kwa kukosa usingizi. Chooni pa shule nilimpeleka mwenyewe kila siku. Tulisimama mbele ya mlango, mimi nikiufungua na kuufunga kumwonyesha hauna kitu, yeye akitikisa kichwa. Mwisho tulikuwa tukizunguka nyuma, kwenye migomba, nami nikamkinga kwa leso yangu nikitazama pembeni.

Jumamosi nikapanda kwenda kwa nyanya.

Nilimkuta uani anapukuchua mahindi kwenye beseni. Nilikuwa nimebeba sukari na mkate. Alipokea salamu, akavipokea vitu, akaniambia niketi, akaendelea na mahindi. Gunzi baada ya gunzi. Nilimweleza habari ya mtoto na mlango wa choo, nikidhani atacheka au ataona huruma. Akachukua gunzi lingine. Nikamwambia nimekuja kuomba mwisho.

"Ulinipeleka kwa watoto wa watu," akasema, "ukanikalisha pale kama redio. Redio ndiyo inaongea haijibiwi."

Nilianza kujitetea. Nikasema watoto wa siku hizi wamezoea shule, hawajui kuitikia. Akanitazama tu, na nikaona ninajenga uongo juu ya uongo, na sina hata nguvu ya kuusimamisha. Nikamwambia ukweli. Kwamba nilijua anangoja "ii". Kwamba bosi wangu alikuwa dirishani. Kwamba nilimwacha azungumze na ukimya ili mimi nisifiwe. Nililia kidogo, si kwa uzuri, kamasi zilitoka.

Alipukuchua magunzi mawili. Kisha akaniuliza kama huyo bosi ananilipa kwa kunyamazisha watoto au kwa kuwafundisha. Akasema nisogee karibu, masikio yake siku hizi si mazuri, na nikitaka mwisho nianzie mwanzo kama kila mtu.

Nikatoa daftari. Akanyamaza. Nikalifunga, akaanza. Msichana na mama yake, moto ulizimwa na mvua. "Ii," nikasema. Akaendelea. Kila mkono wangu ulipotambaa kuelekea kalamu, aliacha hadithi akashika gunzi. Nilitaka kumwambia nitasahau maneno yake, na maneno yake ndiyo ninayoyahitaji, jinsi hasa anavyosema nungunungu alivyosema. Lakini nililiweka daftari chini ya kiti. Kuitikia kunachosha kuliko nilivyokumbuka. Huwezi kuwaza lingine. Ukisema "ii" kabla ya wakati, anajua hukusikia. Ukichelewa, anajua umesinzia. Na mimi nilikuwa na usingizi wa wiki nzima, jua likinipiga mgongoni, sauti ile ile iliyonilaza miaka sita. Tulipofika pangoni kichwa changu kilianguka. Kimya chake kikaniamsha kuliko kelele.

"Ii," nikasema. "Ii, shosho. Ameketi ndani. Niko hapa."

Na hivi ndivyo ilivyokwisha. Zimwi lilikuwa limeachama tangu alfajiri likingoja mtu aingie. Lilichoka. Msichana alipoketi ndani, lilitaka kufunga mdomo, lakini taya zilikuwa zimekauka kwa kungoja, zinauma. Likasema, kwanza nizilegeze. Likapiga miayo. Mdomo ukafunguka zaidi, mwanga wa nje ukaingia, msichana akaona kwamba mawe yale ni meno. Akasimama, akatoka. Akatoka alivyoingia, kwa miguu yake. Lakini kaa lilikuwa limezimwa na mate ya zimwi, basi akarudi tena ng'ambo ya mto kuomba lingine. Mwenye moto akamgombeza, kisha akampa. Alipofika nyumbani mama akamuuliza mbona umekawia. Akasema, mvua.

Nilingoja. Nyanya akalisukuma beseni pembeni.

"Basi?" nikauliza.

"Basi. Ulitaka nini, harusi?"

Kusema kweli niliudhika. Kwa wiki nzima nilikuwa nimechora mikuki, na mwisho wenyewe ni miayo. Nilimuuliza kama hivyo ndivyo alivyosimuliwa na mama yake. Akasema mama yake alikuwa mtu wa kazi nyingi na alisimulia hadithi fupi. Nilipoaga hakusema amenisamehe. Alisema Nchiru hatateremka tena, magoti, na kama watoto wananitaka niongee, niwafundishe kunijibu, la sivyo ninunue redio.

Jumapili yote nilichora. Miayo ilitoka upesi. Ukurasa ulionitesa ulikuwa ule wa kurudi kuomba moto. Nilitaka msichana aonekane amelowa na amechoka lakini hajakata tamaa, na mkono wa mwenye moto uonekane una hasira na huruma, vyote kwa pamoja, kwa kalamu za nta. Niliuchora mara tano. Binamu yangu aliniuliza kama nina mtihani. Ule wa tano niliuona ndio kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na bado nauona hivyo.

Jumatatu niliketi mbele ya watoto na kitabu kimeshonwa kwa uzi wa magunia. Wakaweka vidole midomoni bila kuambiwa. Nikawaambia leo hakuna kidole. Wakavishusha, wakatazama dirishani. Walijua, watoto hawa, kidole kilikuwa cha nani. Nikawaeleza kuhusu "ii". Mara ya kwanza walisema kwa woga, kama watu wanaojaribu maji kwa mguu. Mara ya tatu walipiga kelele hadi darasa la jirani likanyamaza. Mwalimu mkuu alikuja mlangoni. Hakutabasamu. Alisimama pale mikono kifuani, lakini mimi nilikuwa nimechoka mno kuogopa vitu viwili kwa wakati mmoja. Nikafungua ukurasa wa chura.

Alituacha tufike pangoni, kisha akaondoka. Jioni aliniita ofisini akaniambia darasa langu limekuwa soko, na siku ya wazazi tutasoma kitabu cha wageni. Nilisema sawa, madam. Nililia njia nzima kwenda nyumbani, lakini hayo yalikuwa ya jioni.

Asubuhi ile tulikuwa mdomoni mwa zimwi. Yule mtoto alikuwa ameketi mbele kabisa, magoti yamebanana. "Ii" zake zilikuwa ndogo, zinachelewa. Nilisoma kwamba taya za zimwi zilichoka. Ii. Kwamba lilipiga miayo. Nikapiga miayo mwenyewe, miayo ya kweli, sikuhitaji kuigiza, na nusu ya watoto wakaambukizwa. Kwamba msichana aliona mwanga, akasimama, akatoka.

"Kwa wapi?" yule mtoto akauliza.

"Alipoingilia."

"Kwa mguu?"

"Kwa miguu yake."

Alikaa akilitazama lile zimwi kwenye karatasi, mdomo umefunguka hadi pembeni mwa ukurasa, msichana mdogo nje yake na kigae mkononi. Hakukuta kasoro. Nikafunua ukurasa wa moto, ule wa mara tano. Nikauinua juu ili wote waone mkono wa mwenye moto. Naye akasimama, akapita katikati ya wenzake akiwakanyaga vidole vya miguu, akatoka nje.

Nilinyamaza. Watoto walidhani nangoja, wakasema "ii". Nilisikia mlango wa mabati wa choo ukifunguka, ukigonga ukuta. Kisha nikausikia ukifungwa, kutoka ndani.

Nilisoma ukurasa wa moto, nikasoma wa mwisho. Sikumbuki nilivyosoma. Tulikuwa tumeanza kukunja mkeka aliporudi, mikono imelowa, gauni limeingia kwenye suruali ya ndani upande mmoja. Nikamrekebisha. Nikamwambia amekosa sehemu nzuri, ile ya moto, na kama anataka nitamfungulia aone peke yake.

"Hapana," akasema. "Uji umeiva?"